Gari Lililokwisha Dhamana: Namna ya Kulitunza kwa Gharama Tunayoimudu

Mazungumzo na wamiliki na madereva wa magari, Kata ya Kitendaguro, Manispaa ya Bukoba

Leo tunazungumza jambo linalogusa mifuko yetu na uhai wetu kwa pamoja. Jambo lenyewe ni matunzo ya kawaida ya gari ambalo dhamana ya mtengenezaji wake, ile tuliyozoea kuiita waranti, imekwisha.

Tuanze na lalamiko moja lililotufikia. Dereva mmoja wa mkoa wetu alikuja kwetu akiwa na huzuni. Injini ya gari lake ilikuwa imekwama njiani, siku chache baada ya kubadilishiwa oili. Alisema fundi alitia oili mbovu. Fundi naye alisema gari lililetwa kwake likiwa limechelewa mno, na oili ya zamani ilikuwa imekuwa tope. Tulimwomba dereva risiti: hakuwa nayo. Tulimwomba chupa ya oili iliyotumika: ilikwisha kutupwa. Tulimwuliza oili ilibadilishwa lini kabla ya hapo, na gari lilikuwa limetembea kilomita ngapi: hakukumbuka. Huenda dereva alikuwa na haki, na huenda fundi ndiye aliyekuwa na haki. Hatukuweza kujua, na kwa sababu hiyo hatukuweza kumsaidia yeyote. Gari lililokuwa likilisha familia lilikaa juu ya mawe kwa miezi mingi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mazungumzo yetu ya leo yamejengwa juu ya methali hiyo.

Dhamana ni nini, na huisha lini?

Dhamana ni ahadi ya mtengenezaji kwamba sehemu ikiharibika kwa kosa la kiwandani, ataitengeneza bila malipo. Ahadi hiyo ina mwisho. Toyota, kwa mfano, nchini Japani hutoa dhamana ya jumla ya miaka 3 au kilomita 60,000, lolote litakalotangulia, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa sehemu kuu kama injini. Sasa tujiulize: magari yetu mengi, hizi IST, Probox, Noah na RAV4, hufika Bandari ya Dar es Salaam yakiwa na umri gani? Mengi yamekwisha kutumika kwa miaka kumi na zaidi. Maana yake ni kwamba wengi wetu hatukuwahi kuwa na dhamana hata siku moja. Tulinunua gari lililokwisha kuachwa mikononi mwa mwenyewe.

Dhamana, ndugu zetu, ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza inaonekana: kulipia matengenezo. Ya pili haionekani: kumlazimisha mwenye gari afuate kalenda. Mwenye gari jipya anaelezwa alilete gari tarehe fulani au kilomita fulani, naye asipolileta anaweza kupoteza haki yake. Kazi ile ya kwanza hatuwezi kujirudishia. Kazi ya pili tunaweza, tena kwa bei ya daftari moja la shule.

Daftari la gari

Nunueni daftari, likae ndani ya gari. Kila linapofanyika jambo, andikeni mambo matano: tarehe, kilomita zilizo kwenye dashibodi, kazi iliyofanyika, kipuri au oili iliyowekwa pamoja na chapa yake, na gharama pamoja na jina la gereji. Risiti zibandikwe ndani yake.

Mwenye gari lililonunuliwa karibuni asiamini mno kilomita anazozikuta, kwa kuwa namba hizo zinaweza kuchezewa. Afungue mlango wa dereva au boneti atafute vibandiko. Gereji za Japani huwa na desturi ya kubandika karatasi inayoonyesha tarehe na kilomita za kubadilisha oili, na mara nyingine mkanda wa taimingi. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka. Ikiwa kibandiko cha zamani kinaonyesha kilomita 118,000 na dashibodi inaonyesha 84,000, mmekwisha kupata jibu. Asiyeona kibandiko chochote aanze upya: abadilishe oili na vichujio, akague breki, aandike siku hiyo kuwa siku ya kwanza.

Fedha ni chache: tuanze na nini?

Kosa kubwa tunalolifanya ni kutengeneza kile kinachotupigia kelele na kuacha kile kinachokaa kimya. Redio ikiharibika tunaikimbilia. Mafuta ya breki yakichakaa hatujui. Tunashauri fedha itumike kwa madaraja matatu. Daraja la kwanza ni vitu vinavyolinda uhai: breki, matairi, usukani na taa. Daraja la pili ni vitu vinavyolinda injini na gia boksi. Daraja la tatu ni starehe na sura ya gari. Asiyeweza yote asiruke daraja.

Tutazame breki. Wakazi wa vilima hivi mnaufahamu mteremko wa kushuka mjini, hasa asubuhi ya mvua na ukungu. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu polepole kutoka hewani. Bukoba ni mji wenye mvua nyingi kuliko miji mingi ya nchi yetu. Mafuta yaliyonyonya maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Yakichemka hutoa mapovu, na dereva akikanyaga pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Ndiyo maana breki inaweza kushika vizuri uwandani na kukataa katikati ya mteremko. Dawa yake si ghali: mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na pedi zikaguliwe kila gari linapokwenda gereji. Nanyi madereva, mshukapo, tumieni gia namba mbili ili injini isaidie kuzuia gari, au nafasi ya 2 au ya L kwa gari la otomatiki. Msizime injini ati mwokoe mafuta. Ikizimwa, nguvu inayosaidia breki hupotea na usukani huwa mzito.

Matairi nayo yana umri. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, mtakuta tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri ilhali mpira wake umekwisha kukauka. Tazameni tarakimu kabla ya kutazama meno. Upepo upimwe gari likiwa limepoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Na tuseme ukweli: Probox iliyojazwa mikungu ya ndizi hadi juu ya kichwa cha dereva inakula matairi, springi na breki kwa mwezi mmoja kuliko matembezi ya nusu mwaka.

Daraja la pili: injini

Oili ni damu ya injini. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika IST, Probox na Raum nyingi, huhitaji takriban lita 3.7 inapobadilishwa pamoja na chujio. Linganisheni bei ya lita nne za oili na bei ya injini nyingine, ongezeni kazi ya fundi na siku za gari kukaa bila kuingiza fedha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Vitabu vya magari huruhusu muda mrefu zaidi kati ya oili na oili, lakini vitabu hivyo hivyo huweka muda mfupi kwa matumizi magumu. Safari fupi fupi, milima, mizigo na vumbi la barabara za changarawe ni matumizi magumu, na hayo ndiyo maisha ya magari yetu. Kwa hiyo tunashauri kilomita 5,000, au miezi 6 kwa gari linalotembea kidogo. Someni kitabu cha gari au kifuniko cha oili mjue uzito unaotakiwa, kama 5W-30, na msikubali mzito zaidi kwa sababu tu ndio uliopo dukani.

Mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kuwasha, chomoeni kijiti cha oili, kifuteni, kirudisheni, kisha kichomoeni tena msome. Tazameni na kiasi cha maji ya rejeta kwenye kichupa chake. Rejeta iwekwe kulanti, kwa kuwa maji matupu ya bomba huleta kutu na gome ndani ya mirija. Gari likichemka njiani, simameni, zimeni injini, ngojeni lipoe. Kufungua kifuniko cha rejeta yenye moto kumewaunguza watu nyuso, na kuendelea "hadi gereji iliyo mbele" hupinda silinda hedi, na hapo ndipo hasara huanza.

Chujio la hewa likaguliwe mara kwa mara wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi linapotawala barabara za vijijini. Muulizeni pia fundi kama injini yenu ina mnyororo wa taimingi au mkanda. 1NZ-FE ina mnyororo. Noah za zamani zenye injini ya 3S-FE zina mkanda wa mpira, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Asiyejua ulibadilishwa lini ahesabu kwamba umekwisha muda wake. Na wenye gia za otomatiki wajue kuwa mafuta ya gia ya kawaida na mafuta ya CVT ni vitu viwili tofauti. Kuyachanganya kunaweza kuua gia boksi nzima.

Kununua vipuri

Vipuri vinavyotufikia ni vya aina tatu: halisi vya mtengenezaji au vya kampuni inayotambulika, vya kuiga, na vilivyotumika. Vilivyotumika si vyote vibaya. Mlango, kioo cha pembeni, taa au bampa kutoka gari lililovunjwa vinaweza kuokoa fedha nyingi. Lakini pedi za breki, vichujio, mikanda na hosi za breki visinunuliwe vikiwa vimetumika, kwa kuwa ni vitu vya kuchakaa na uchakavu wake hauonekani kwa macho.

Vya kuiga ndivyo hatari zaidi, kwa kuwa huvaa boksi la kipuri halisi. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine yote, hiyo ni habari yenyewe. Tazameni chapa, herufi zilizokosewa, na lakiri ya chupa ya oili. Na baada ya kubadilisha oili, tobonyeni chupa tupu kabla ya kuitupa, ili asipatikane mtu wa kuiokota, kuijaza oili chafu na kuiuza tena kwa jirani yenu.

Wapo wanaovuka Mutukula kwenda kutafuta spea Kampala, katika Soko la Kisekka, na wapo wanaoagiza Mwanza au Dar es Salaam. Hakuna ubaya. Ila kabla ya kulipa, hesabuni nauli, ushuru wa mpakani, na swali hili: kikiwa si chenyewe, nani atakirudisha? Kipuri cha bei nafuu kilicho mbali kinaweza kuwa ghali kuliko cha dukani Bukoba ambacho mnaweza kukirudisha kesho kwa miguu.

Sisi na mafundi

Ndugu mafundi mliopo hapa, hatukuja kuwashtaki. Tunafahamu wateja wanaowaletea gari likiwa limekufa na kudai lifufuke kwa nusu ya bei. Makubaliano ya wazi yanawalinda ninyi kama yanavyomlinda mteja.

Makubaliano hayo ni haya. Kwanza, fundi achunguze gari na aseme tatizo, naye alipwe kwa uchunguzi huo. Kazi ya akili ni kazi. Pili, makadirio yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: vipuri kiasi gani, ufundi kiasi gani. Tatu, tatizo jipya likionekana, mteja apigiwe simu kabla ya kufungua kitu kingine. Nne, kipuri cha zamani kirudishwe kwa mwenye gari. Tano, risiti itolewe, na muda ambao fundi anasimama nyuma ya kazi yake uandikwe, japo uwe wiki mbili. Hiyo ndiyo dhamana mpya, ndogo lakini ya kweli. Na mafundi mliojifunza kazi kwa miaka mingi bila cheti, VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa namna hiyo. Ulizeni, cheti huongeza imani ya mteja.

Haki zenu

Kwisha kwa dhamana ya mtengenezaji hakumaanishi kwisha kwa sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, yaani FCC, hupokea malalamiko na kupambana na bidhaa bandia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayolingana na maelezo aliyoyatoa. Ubora wa bidhaa chini ya kiwango unashughulikiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Chupa iliyoandikwa lita 4 ikatoa pungufu, hilo ni la Wakala wa Vipimo.

Hatua za kulalamika ni fupi. Anzeni na aliyewauzia, kwa upole na kwa maandishi. Msipoelewana, pelekeni lalamiko kwenye mamlaka inayohusika mkiwa na risiti, kipuri chenyewe, boksi lake na daftari lenu. Yule dereva tuliyeanza naye angekuwa na vitu hivyo vinne, mazungumzo yetu naye yangekwenda njia nyingine.

Fedha itoke wapi?

Matunzo hutushinda kwa sababu huja kwa mkupuo. Dawa yake ni kuyalipa kidogo kidogo. Tuseme, kwa mfano wa kuhesabu tu, gari linatembea kilomita 60 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: ni kilomita 1,560. Mwenye gari akitenga shilingi 40 kwa kila kilomita, atakuwa na shilingi 62,400 kila mwezi. Oili itakapofika kilomita 5,000, kama miezi mitatu na siku chache baadaye, fedha itakuwa inamngoja. Kiwango kibadilishwe kulingana na gari na bei za wakati huo, lakini fedha hiyo isichanganywe na ya mafuta wala ya nyumbani. Mkulima wa kahawa anayepokea malipo kwa msimu naye anaweza kuitenga siku ile ile ya malipo.

Njia ya pili ni kununua pamoja. Wenye IST na Probox watano, wakihitaji lita 3.7 kila mmoja, jumla yao ni lita 18.5: ndoo moja ya lita 20 inawatosha na kubaki. Mara nyingi lita moja ya ndooni huwa na bei ndogo kuliko ya chupa, na watu watano wakisimama mbele ya muuzaji hupata maelezo na risiti kwa urahisi kuliko mmoja.

Itafika pia siku ambapo gari halistahili tena fedha. Daftari ndilo litakalowaambia. Mkiona gharama za mwaka zinakaribia bei ambayo mngeliuza gari lenyewe, kaeni na familia mjadiliane kabla ya kununua injini nyingine. Na mkiamua kuliuza, daftari hilo hilo litawapa bei bora, kwa kuwa mnunuzi ataona gari lilivyotunzwa.

Ndugu zetu, tunaomba kila mmoja wenu afanye mambo matatu wiki hii: anunue daftari na kuandika kilomita za leo, asome tarakimu nne za kila tairi, na amwulize fundi wake mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Jibu likiwa "sijui", basi yabadilishwe kabla ya gari kushuka tena mteremko likiwa na abiria. Kazi hiyo ni ya muda mfupi gerejini, na waliomo ndani ya gari ni watoto wetu na majirani zetu.